Chuo Kitakachofungua Kwanza

Julai 2017, matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, nilikuwa kuruta katika kambi ya JKT Rwamkoma, mkoani Mara. Siku chache baadaye niliruhusiwa kupiga simu nyumbani. Baba akanisomea barua. Chuo kikuu kimoja cha nchi jirani kilikuwa kimenikubali, na kingenisamehe nusu ya ada. Masomo yalianza katikati ya Agosti. Mafunzo yetu yalikuwa yanaisha mwishoni mwa mwezi huohuo.

Chuo kilikuwa tayari kunishikia nafasi hadi Agosti ya mwaka uliofuata, ila msamaha wa ada haukuhamishika. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kingefungua Oktoba na dirisha la maombi lilikuwa linakaribia. Nilikuwa na dakika tano za simu na vyuo viwili vya kuchagua. Nikaomba niongee na shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye nyumbani kwetu ndiye huulizwa mambo ya shule.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Kipi kinafungua kwanza baada ya kambi?”

“Dar.”

“Basi nenda Dar. Usikae mwaka nyumbani.”

Nilikwenda Dar. Nilimlaumu kimoyomoyo kwa muda mrefu. Nilidhani ni woga wa wazee, wa kutotaka binti avuke mpaka. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nasoma shahada ya uzamili ya historia, ndipo nilipoanza kuelewa swali lake lilitoka wapi.

Mjadala wa chuo na jeshi nchini kwetu ni wa zamani karibu sawa na chuo chenyewe. JKT ilianzishwa Julai 1963. Mwaka huohuo Dar es Salaam, Makerere na Nairobi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kijana wa wakati ule alichagua chuo kwa kufuata fani: sheria Dar, udaktari na kilimo Makerere, uhandisi Nairobi. Mwaka 1966 Serikali ikapendekeza wasomi watumikie taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Bango moja lilisema hata ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza karibu wanafunzi 400. Wengi wao walirudishwa baadaye.

Hoja ya Mwalimu haikuwa dhaifu. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, na waliowalipia masomo ni wakulima ambao watoto wao wengi hawakufika hata darasa la saba. Nikisoma habari za maandamano yale, nusu ya moyo wangu huwa upande wa Ikulu.

Lakini mwaka 1966 utumishi ulikuwa unakuja baada ya shahada. Novemba 1974 mpangilio ukageuzwa. Azimio la Musoma lilisema mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo moja kwa moja. Apite JKT, kisha afanye kazi kwa miaka isiyopungua miwili. Akitaka chuo baada ya hapo, alete barua ya mwajiri na ya tawi la TANU zinazoshuhudia mwenendo wake. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimevunjwa mwaka 1970, na nchi nzima ilibaki na chuo kikuu kimoja. Kwa mhitimu wa 1974 hapakuwa na swali la chuo gani. Swali lilikuwa lini.

Nilipolisoma hilo maktabani nilihesabu miaka kwa vidole. Shangazi alimaliza kidato cha sita 1974.

Nilimpigia jioni ileile. Hakushangaa, ni kama alikuwa anasubiri niulize. Alikwenda JKT 1975. Aliipenda, na bado anazikumbuka nyimbo za mchakamchaka. Baada ya hapo akapangiwa kazi ya ukarani katika ofisi moja Mwanza. Barua ya mwajiri ndiyo iliyomshinda. Bosi wake alimwambia arudi wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha akaanza kumwambia aje baada ya saa za kazi. Shangazi hakwenda. Mwaka 1977 akaolewa, na mtoto wa kwanza akafuata.

“Nafasi yangu sikunyimwa,” aliniambia. “Iliahirishwa tu.”

Hakuwa peke yake. Idadi ya wanawake walioomba kuingia chuoni ilishuka baada ya Azimio, na kabla ya muongo ule kwisha Serikali ikawaondolea wanawake sharti la kusubiri. Kwa shangazi, hilo lilikuja akiwa na mtoto mgongoni.

Azimio lilikusudia kuwaweka wote sawa, na kwenye karatasi miaka miwili ilikuwa miaka miwileile kwa kila mtu. Ila mvulana aliyesubiri alirudi na barua yake na umri wake ukiwa bado wa mwanafunzi. Msichana alisubiri katika miaka ileile ambayo posa zilikuwa zinaletwa nyumbani, na barua yake ilikuwa mezani kwa mwanamume aliyejua anavyoihitaji.

JKT ya lazima ilisitishwa 1994, ikarudishwa 2013, na kwa wahitimu wa kidato cha sita imekuwa ya miezi mitatu. Kwa wanaobaki nchini haigusi muhula, kwa kuwa vyuo vyetu hufungua baadaye. Anayebanwa ni yule mwenye barua ya nje. Mimi nilibanwa kidogo tu, nikapoteza nusu ya ada ya chuo ambacho sijawahi kukiona. Mara nyingine bado nakiwaza. Sijui ningekuwa nani huko, na sitajifanya kwamba Dar ilikuwa bora kwa sababu ndiko nilikoishia.

Mwaka huu mdogo wangu anamaliza kidato cha sita, naye anaomba vyuo vitatu, viwili vikiwa nje. Nimemwambia aviandikie vyote kabla hajaitwa kambini na kuuliza mambo matatu: nafasi inashikwa kwa muda gani, ufadhili unahama nayo au haihami, na jibu liwe la maandishi, lenye jina na cheo cha aliyelitoa. Vyuo viwili vimeshajibu. Ameyachapa majibu na kuyaweka kwenye faili.

Jumapili alimpelekea shangazi faili lile. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, miwani ikiwa imeshuka puani, akarudia mara mbili mahali palipoandikwa kwamba nafasi itashikwa mwaka mmoja.

“Huyu aliyesaini,” akauliza, “mwakani bado atakuwepo?”