Ukomo wa Mpepeso

Vijana wanaocheza gemu hubishana sana: mmoja atasema jicho la binadamu linaona fremu 24 kwa sekunde, mwingine 60, wa tatu ataapa kwamba simu ya hezi 120 ni kupoteza fedha. Wote wanalidhania jicho ni kamera. Jicho halina fremu. Seli za retina hupokea mwanga mfululizo, na ubongo ndio unaounganisha.

Ubishi huu unachanganya mambo mawili. La kwanza ni mwendo. Picha mnato zikifuatana upesi kiasi, kumi na kitu tu kwa sekunde, tayari tunaona kitu kinatembea. Max Wertheimer aliandika utafiti maarufu juu ya jambo hili mwaka 1912. La pili ni mpepeso, yaani mwanga kuwaka na kuzimika. Ukiharakishwa, hufika kasi ambayo jicho halitambui tena kuzimika, na mwanga huonekana umetulia. Kasi hiyo naiita ukomo wa mpepeso. Nimelikwepa neno “kizingiti” kwa sababu wasomaji wengi leo hulielewa kama kikwazo, na hapa hakuna kinachozuiwa: mpepeso unakoma machoni, ingawa taa bado inawaka na kuzimika.

Sinema inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Fremu 24 zilizoenea na filamu za sauti mwishoni mwa miaka ya 1920 zilitosha kwa mwendo, lakini kwa mpepeso hazikutosha hata kidogo. Kwa hiyo projekta ilikatiza mwanga mara mbili au tatu kwa kila fremu, mtazamaji akapata miwako 48 au 72.

Wala ukomo huu hauna namba moja. Mwanga ukiwa mkali hupanda, ukififia hushuka. Eneo linalowaka likiwa pana, hupanda pia. Waliokuwa na televisheni za chogo, zilizowaka mara 50 kwa sekunde, watakumbuka: ukiitazama moja kwa moja imetulia, ukiiona kwa pembe ya jicho inapepesa, hasa picha ikiwa nyeupe.

Skrini bapa nyingi za leo hushikilia fremu moja hadi nyingine ije, kwa hiyo faida ya hezi 120 haitokani na mpepeso. Jicho linapofuata kitu kinachokwenda, fremu iliyosimama huacha ukungu. Ikikaa nusu ya muda, ukungu nao hupungua kwa nusu, na maandishi unayoyasukuma kwa kidole husomeka yangali yanakwenda.