Grupu ya Matanga Hufa Jumatatu

Kama umetoka Kisii au Nyamira, hii unaijua. Mtu anafariki, na kabla jua halijazama kuna grupu ya WhatsApp. Mweka hazina amechaguliwa, nambari ya M-Pesa imebandikwa, na orodha inaanza kupanda: 500, 1,000, 200. Siku ya mazishi mwili unazikwa, watu wanakula, mabasi yanarudi Nairobi. Jumatatu skrini inaanza kuimba wimbo wake: fulani ameondoka. Fulani ameondoka. Fulani ameondoka.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni baba alipofariki. Grupu yetu ilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na sitawahi kusema hawakutusaidia. Tulimzika vizuri sana. Lakini muhula uliofuata nilihitaji karo, na nilipofungua grupu tulikuwa tumebaki kumi na mmoja, karibu wote ndugu wa damu. Sikurudi chuo.

Kwa muda mrefu nilidhani watu ni wabaya. Halafu nikaanza kusoma historia yetu, na nikabadilisha mawazo. Shida si roho za watu. Shida ni chungu. Sisi tunajua kuchanga, ila hatuna mahali pa kuweka.

Muulize magokoro wako kuhusu risaga. Majirani walikuja kwenye shamba lako kwa pamoja, wakalima au kuvuna, nawe ukawapikia na kuwapa pombe ya wimbi. Kulikuwa pia na egesangio, kikundi kidogo zaidi kilichozunguka kwa zamu: leo kwako, kesho kwa jirani. Hata mtafiti Mzungu, Philip Mayer, aliona jambo hili ni zito kiasi cha kuliandikia utafiti uliochapishwa mwaka wa 1951.

Sasa angalia ujanja uliokuwa ndani yake. Risaga haikufa Jumatatu, kwa sababu Jumatatu kulikuwa na shamba la mtu mwingine. Hakukuwa na akaunti wala mweka hazina. Deni ndilo lilikuwa benki. Kila mtu alikumbuka ni nani alimsaidia, na ukikosa kwenda kwa wenzako, zamu yako ikifika utalima peke yako.

Kisha dunia ikageuka. Kahawa ikaingia Kisii, chai ikapanda milima ya Nyamira, watu wakaenda kutafuta mshahara mbali. Msaada ukawa pesa badala ya jembe. Na pesa haina zamu. Ukituma 500 kutoka Nairobi, hakuna shamba ambalo mimi nitakuja kukulimia.

Mwaka wa 1963 Jomo Kenyatta akatupatia neno moja la nchi nzima: Harambee. Neno lenyewe ni la pwani, sauti ya watu wanaoinua mzigo mzito kwa pamoja. Na tusidanganyane, lilifanya kazi. Shule za harambee zilijengwa na wazazi waliouza ng'ombe na ndizi. Wengi wa wazee wetu walisomea humo.

Lakini harambee ilikuwa tukio. Ina tarehe, ina hema, ina mgeni rasmi. Wanasiasa waliona hilo haraka kuliko sisi. Wakaja na bahasha, wakapigiwa makofi, na hakuna aliyeuliza bahasha imetoka wapi. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 ilijaribu kuwabana. Bado mwaka wa 2024, baada ya sisi vijana kuingia barabarani, Rais Ruto alilazimika kutangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki michango ya hadhara. Manze, miaka ishirini na moja kwa shida ile ile.

Wengine walikuwa wameshajaribu njia tofauti. Mwaka wa 1914, huko Cleveland, Marekani, mwanasheria aliyekuwa akiendesha benki, Frederick Goff, aliona matajiri wanakufa wakiacha pesa kwa kazi fulani, halafu kazi hiyo inapitwa na wakati na pesa inakwama. Akaanzisha mfuko mmoja wa jamii: michango mingi ndani ya chungu kimoja, na kamati ya wenyeji ikiamua kila wakati shida iko wapi. Mwaka wa 1997 wazo kama hilo likapata nyumba hapa kwetu, ilipoanzishwa Kenya Community Development Foundation, yaani KCDF, Nairobi.

Jinsi inavyofanya kazi si uchawi. Mfuko wa jamii hauji kijijini kugawa unga mbele ya kamera. Unatoa ruzuku kwa vikundi vilivyo pale tayari, vile vinavyojua ni mjane yupi mlango wake umevunjika na ni mtoto yupi ameacha shule. Unawafundisha kuandika hesabu. Na unaweza kuwasaidia kuweka mtaji ambao hauguswi, ila faida yake tu ndiyo inatumika. Ni kama kula maziwa na kumwacha ng'ombe.

Ebu tupige hesabu. Tuseme matanga moja inakusanya 400,000, na tunaweka kando asilimia kumi. Hiyo ni 40,000. Ukipata riba ya asilimia kumi kwa mwaka, ni 4,000. Najua, unacheka. Lakini tuseme eneo letu linazika watu kumi kwa mwaka. Kwa mwaka mmoja chungu kina 400,000, na kinatoa 40,000 kila mwaka bila kumwomba mtu. Baada ya miaka mitano ni 200,000 kila mwaka. Hapo kuna mtoto wa mtu anayerudi shule.

Hatari ipo. Chungu kikubwa huvutia vijiko vikubwa. Ndiyo maana lazima kuwe na katiba, watia sahihi watatu, na hesabu zinazosomwa mbele ya watu, kama tunavyosoma orodha ya waliochanga. Sheria ya kusajili vikundi vya kijamii tunayo tangu 2022. Kisingizio kimebaki kidogo.

Mwezi uliopita jirani yetu alifariki, akaacha mke na watoto wanne. Kwenye kamati nikainua mkono, nikaomba tuweke sehemu kando. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, pesa ya maiti haiwekwi. Inaisha na maiti." Kukawa kimya. Nilikuwa karibu kukaa chini wakati mama yangu alisema kutoka nyuma, "Na watoto, nao wanaisha na maiti?"

Walikubali asilimia tano, na sharti kwamba yule mzee awe mmoja wa watia sahihi. Nikasema sawa. Anayeogopa pesa kupotea ndiye wa kuilinda.

Tulizika Ijumaa. Jumatatu nikafungua grupu. Walioondoka walikuwa wengi, kama kawaida. Lakini watu thelathini na wanne walikuwa bado humo, na mmoja alikuwa ameandika: "Ya watoto inatumwa nambari ile ile?"