Gunston Hall: Nyumba ya Mizani, Uhuru wa Upande Mmoja

Kila ninapoanza kufundisha historia ya haki za binadamu, huwaonyesha wanafunzi wangu picha ya nyumba kabla ya kuwapa tamko lolote. Ni Gunston Hall, karibu na mto Potomac, jimboni Virginia, Marekani. Ilijengwa kati ya 1755 na 1759 kwa ajili ya George Mason.

Kuta zake ni za matofali mekundu, na pembe zimeimarishwa kwa mawe ya mchanga. Mlango umekaa katikati. Madirisha ya kushoto yanalingana na ya kulia. Huu ndio mtindo wa Kijojia, uliopewa jina la wafalme wa Uingereza walioitwa George, na msingi wake ni mizani. Nakshi za mbao za ndani zilisimamiwa na William Buckland, seremala Mwingereza aliyeletwa kwa mkataba wa utumishi wa miaka 4. Alipoumaliza, Mason aliandika sifa zake nyuma ya hati ileile. Buckland akaondoka akiwa huru, akawa msanifu mashuhuri.

Watumwa Waafrika hawakuandikiwa hati kama hiyo. Walilima tumbaku iliyomtajirisha Mason. John, mwanawe, alikumbuka baadaye kwamba miongoni mwao walikuwamo maseremala, wahunzi, washona viatu na wafumaji. Ujuzi walikuwa nao. Mkataba wenye kikomo hawakupewa.

Mwaka 1776 Mason huyuhuyu aliandika rasimu ya Tamko la Haki la Virginia, lililosema kuwa watu wote kwa asili wako huru sawasawa. Baadhi ya wajumbe wakaingiwa na hofu: je, watumwa nao wangeyadai maneno hayo? Wakachomeka kifungu kidogo, kwamba haki hizo ni za watu wanapoingia katika jamii. Mtumwa, kwa hesabu yao, hakuwa ndani ya jamii. Mason aliilaani biashara ya watumwa mwaka 1787, lakini alipofariki mwaka 1792 watumwa wake walirithiwa na wanawe.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi, na leo nawaambia watumishi wa umma wanaoandaa miswada: uzuri wa sentensi, kama uzuri wa ukuta, hauthibitishi haki. Tafuteni kifungu kilichochomekwa usiku wa mwisho, kisha mwulize ni nani amebakizwa nje ya mlango.