Bundi wa Mlima Kenya ana jina la nani?

Wasee, kuna bundi mkubwa anaishi kwenye huu mlima tunaouona asubuhi hapa Kianyaga, kama mawingu yameamua kutupea nafasi. Macho yake ni rangi ya machungwa, na manyoya yamesimama kichwani kama masikio. Vitabuni anaitwa bundi wa Mackinder. Sasa Mackinder ni nani?

Halford Mackinder alikuwa anafundisha jiografia Oxford. Mwaka wa 1899, ule ule reli ilifika Nairobi, alikuja kupanda Mlima Kenya. Msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuonyesha njia na Wakikuyu 96. Piga hesabu: watu 170. Tarehe 13 Septemba akafika kilele cha Batian akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel. Lakini hawakuja kupanda tu. Walikusanya mimea na wanyama, vikapelekwa Uingereza, na kabla mwaka uishe Richard Bowdler Sharpe wa British Museum alikuwa ameshamwandika huyo bundi kwenye rekodi za sayansi: mackinderi.

Wale 164 wengine walibeba mizigo, wakapika, wakatafuta chakula. Jina la hata mmoja wao sijaliona kwa ndege yeyote. (Vilele angalau vilipewa majina ya Kimaasai, Batian, Nelion na Lenana.)

Baadaye rekodi zikaanza kukaa huku. Mwaka wa 1909 walowezi waliunda East Africa and Uganda Natural History Society, mwaka uliofuata wakawa na makumbusho, na hayo ndiyo yalikua hadi kuwa National Museums of Kenya.

Lakini tusijifanye sisi hatukuwa na rekodi yetu. Tulikuwa nayo, ya mdomo: ndundu akilia karibu na nyumba, mtu atakufa. Kwa hivyo anarushiwa mawe. Mackinder alichukua bundi kwa msafara mmoja. Sisi tumemfukuza vizazi na vizazi, na hakuna aliyeuliza anakula nini.

Walioenda kuuliza maswali ya aina hiyo shambani ni watafiti kama Darcy Ogada na Paul Kibuthu, na kazi yao ilichapishwa 2008. Kwangu hii ndiyo rekodi ya maana kuliko ile ya London. Kiawara, kaunti ya Nyeri, hawa bundi wanaishi kwenye miamba iliyopakana na mashamba ya mboga, na kujua menyu ya bundi si uchawi. Anameza panya mzima, halafu anatapika donge la manyoya na mifupa. Unaokota, unapasua, unahesabu mafuvu. Humo utapata panya, na utapata fuko, yule tunamwita huko, anayekumalizia viazi kutoka chini ukidhani shamba liko sawa.

Leo kuna wageni wanafika Kiawara na kamera, wanalipa kuonyeshwa ndundu. Ndundu!

Kilichobaki ni sumu. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo, anazubaa, na bundi anamchukua kirahisi. Hiyo sumu iko kwa agrovet, na kwenye pakiti wamechora panya peke yake.