Kipande Kabla ya Ushahidi

Jioni, matatu zinaposhusha abiria Waithaka kando ya Naivasha Road, vijana kutoka Burundi hupita katikati ya watu wakiuza njugu, kila kipimo kimefungwa kwenye kikaratasi. Askari akitokea, mkono wa muuzaji huenda mfukoni kabla hajaitwa. Swali analijua. Haulizwi amefanya nini, anaulizwa, "Kipande kiko wapi?"

Neno hilo lina umri. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande ndani ya kisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni, na Nairobi mpaka leo inakiita kitambulisho kwa jina hilohilo. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau, wanajeshi na polisi waliuzingira mji wakawachuja watu kwa kabila. Zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitiwa kizuizini bila kushtakiwa. Familia za Dagoretti, ambako ndiko Waithaka iliko, hazihitaji kitabu kuelezwa mchujo wa namna hiyo unamfanyia nini mtu.

Miaka 60 baadaye, Aprili 2014, ilikuwa zamu ya mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Milipuko ya tarehe 31 Machi ilikuwa imeua watu sita, na serikali ikaanzisha Operesheni Usalama Watch. Takriban watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakiwemo Wakenya waliozaliwa hapahapa. Seli za kituo cha polisi cha Pangani zilifurika, uwanja wa Kasarani ukageuzwa kituo cha kuwakagua watu, na zaidi ya watu 300 wakapakiwa ndege na kurudishwa Somalia. IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ilichunguza operesheni hiyo na kuikosoa kwa kukiuka haki za watu na kulenga jamii moja.

Kosa kuu la operesheni hiyo lilikuwa la kiupelelezi. Mauaji yalitendeka, na kazi ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ambayo ndani yake kimo kikosi cha kupambana na ugaidi, ni kumtafuta muuaji: nani alitengeneza bomu, nani alilipia, nani alilibeba. Badala ya kazi hiyo ngumu, nguvu ya dola ilielekezwa kwenye karatasi. Sheria ya uhamiaji ikawa njia ya mkato. Mshukiwa wa ugaidi anahitaji ushahidi utakaosimama mbele ya hakimu. Asiye na kadi anahitaji tu kutokuwa nayo.

Anayeitetea njia hiyo ana maiti za kuhesabu, na ni haki asikilizwe. Westgate, Septemba 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148. DusitD2, Januari 2019, watu 21. Lakini mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera. Aliyeongoza shambulio la DusitD2 alikuwa Mkenya aliyepanga nyumba Muchatha, Kiambu. Msako wa vipande ungewapita wote wawili. Makachero walifika Muchatha kwa kufuata nyayo za gari lililotumiwa na washambuliaji, na huo ndio upelelezi unaostahili kodi ya mwananchi.

Jaji David Majanja alikuwa amekwisha kuligusa jambo hili Julai 2013, alipobatilisha amri ya kuwahamisha wakimbizi wa mijini na kuwapeleka kambini. Serikali ilidai usalama, naye akaitaka ionyeshe uhusiano kati ya wakimbizi hao na tishio lililotajwa. Haikuonyesha. Miezi minane baadaye, amri kama hiyo ilitolewa tena.

Njia hiyo ya mkato haikuishia kwa wakimbizi, maana Miguna Miguna hakuwa mmoja wao. Alikuwa wakili mwenye jina, mzaliwa wa Kisumu. Alikamatwa nyumbani kwake Runda tarehe 2 Februari 2018, siku tatu baada ya kushiriki kumwapisha kiongozi wa upinzani Raila Odinga katika bustani ya Uhuru Park. Jaji Luka Kimaru aliwaamuru Inspekta Jenerali wa Polisi Joseph Boinnet na mkurugenzi wa DCI, George Kinoti, wamfikishe mahakamani. Usiku wa tarehe 6, akapandishwa ndege kwenda ng'ambo. Kesi iliyoanza kama ya jinai ikageuzwa ya uraia, na hoja za jinai zikaachwa uwanja wa ndege. Desemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba haki zake zilikiukwa, akaagiza alipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni saba. Mzigo wa fidia hiyo ni wa mlipa kodi.

Oktoba 2024 hali ilizidi kuwa nzito. Raia wa Uturuki waliokuwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa walitekwa jijini Nairobi, na siku chache baadaye serikali ikakiri kuwarudisha wanne kwao kwa ombi la Uturuki. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza kumrudisha mkimbizi anakohofia kuteswa. Hakuna hakimu aliyeulizwa kwanza.

Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na haisemi ni raia pekee. Kwa hiyo anayeshikwa kwa sababu ya karatasi aandikwe kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, pamoja na kosa analoshukiwa, na pasiwe na amri ya kumfukuza nchini itakayotekelezwa kabla hakimu hajamwona na kumsikia. Kutoka Waithaka hadi Mahakama ya Kibera ni safari ya matatu tu. Saa 24 zinatosha na kubaki, hata kwa muuza njugu.