Washa ya Ngozi: Kisa cha Visima vya Bariadi

Apitaye Hamamni, Mji Mkongwe wa Unguja, huliona bado lile hamamu lililojengwa zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Kuta zimesimama, mabirika yapo, na vyumba ambamo maji ya moto yaliwaburudisha waungwana vingali vikitembelewa na wageni. Lisilokuwapo ni maji. Mtawala huyo ndiye pia aliyeyavuta maji ya chemchemi za nje ya mji hadi majumbani, na waandishi wetu hawakuchoka kumsifu kwa hilo. Lakini ni nani aliyekuwa akizibua mifereji, akiziba palipovuja, akiamka alfajiri kuchochea moto wa hamamu? Hao ni nadra kutajwa. Kalamu ya historia humpenda mjenzi, ikampita mtunzaji bila ya salamu.

Ili kuona hasara ya kusahau huko, natumwombe msomaji avuke bahari twende naye Usukumani, kusini-mashariki ya Ziwa Viktoria, hadi Bariadi. Mji huu leo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga. Ni nchi ya pamba, ng'ombe na mbuga za udongo mweusi. Mito yake hufurika wakati wa mvua, na kiangazi kikishika hubakia mchanga mtupu. Hapo ndipo wanawake hufukua mchanga wa mto na kuyangoja maji yajikusanye, kata kwa kata, mpaka ndoo ijae.

Wakoloni wa Kiingereza waliliona tatizo hilo. Katika mpango wao wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, walichimba malambo ya kunyweshea mifugo, huku wakiwalazimisha watu kupunguza ng'ombe na kufuata amri za kilimo. Amri zilichukiwa, mpango ukafifia. Na lambo lisilozolewa tope hujaa tope. Hilo halina mkoloni wala mzalendo.

Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa katika vijiji vipya, wataalamu wa Kiholanzi walianza Shinyanga mradi wa visima vifupi. Ardhi ilipimwa kwa kekee ya mkono, visima vikachimbwa na kujengewa pete za zege, vikafunikwa, na juu yake pakawekwa pampu ya mkono. Pampu hiyo ikapata jina la mkoa wenyewe na kuingia katika vitabu vya mafundi wa ulimwengu: pampu ya Shinyanga.

Pampu ya namna hii haina siri kubwa. Ndani ya bomba mna pistoni yenye washa ya ngozi au mpira, na chini yake mna vali inayoyazuia maji yasirudi kisimani. Mpini ukiwa mwepesi na maji hayatoki, huenda washa imelika au fimbo imekatika. Maji yakichelewa kila asubuhi na kutoka baada ya kupampu sana, vali ya chini inavuja. Yakitoka na mchanga, mchanga huo huo ndio utakaoila washa. Mwenye spana na washa mpya huweza kuyarekebisha mengi ya haya kwa siku moja.

Basi kwa nini pampu zilinyamaza? Kwa sababu siku hizo maji ya vijijini yalikuwa bure, na pampu ilihesabiwa kuwa mali ya Serikali. Fundi alikaa wilayani na vipuri vilitoka mbali. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na uhaba wa fedha za kigeni vilipoikaba nchi, gari la fundi lilikosa mafuta. Kijiji kilingoja. Washa isiyoweza kumzidi mtu kiganja iliwarudisha akina mama mchangani, na mabinti zao wakaziacha daftari wakashika ndoo.

Sera ya Maji ya 1991 iliwataka wananchi wachangie gharama. Ile ya 2002 ikawakabidhi miliki na utunzaji. Mwaka 2019 ukaundwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ukisimamia pamoja na vyombo vya watumiaji wenyewe. Na mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi mkubwa wa kuyafikisha Simiyu maji ya Ziwa Viktoria. Ni habari njema, hasa kwa Meatu, ambako baadhi ya maji ya ardhini yana floridi nyingi mno.

Lakini bomba refu lina viungo vingi kuliko kisima, na kila kiungo ni mlango wa kuvuja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku maji ya ziwa yatakapofunguliwa katika kijiji chochote cha Simiyu, hotuba zitasomwa na utepe utakatwa. Mwandishi wa historia asiondoke sherehe zikiisha. Na arudi baada ya miaka 10, aulize spana iko kwa nani, na fedha ya washa iko wapi.