Muvi Inayoganda: Historia ya Video Ngara na Biharamulo

Barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi na Lusahunga wilayani Biharamulo, huingia Ngara, kisha hugawanyika: tawi moja kwenda daraja la Rusumo, jingine kwenda mpaka wa Kabanga. Sehemu kubwa ya kile ambacho watu wa huku wamekitazama kwenye kioo ilifika kwa barabara hiyo, kwanza ikiwa mikanda ya VHS, baadaye sidii, baadaye tena flashi mfukoni mwa abiria. Kilichochelewa ni umeme, na mashine zenye nguvu ya kuonyesha kilicholetwa. Kwa hiyo historia ya video katika wilaya hizi mbili ni historia ya mafundi, watu waliojifunza kuipunguza picha uzito mpaka mashine dhaifu ikaimudu.

Kazi ya namna hiyo ina umri mkubwa Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa sinema uliojulikana kwa kifupi kama BEKE uliweka makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha Afrika Mashariki kwa lori, wakijibebea umeme wao. Filamu zenye sauti ndani yake zilikuwa ghali, kwa hiyo walitumia filamu bubu za milimita 16 na kuweka maneno kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha. Faida yake ilikuwa kubwa: filamu ileile iliweza kusemwa kwa lugha mbalimbali. Ubaya wake ni kwamba sauti na picha zilitoka kwenye vyombo viwili, na kuzipatanisha kulitaka mtu makini.

Televisheni ilikawia mno. Zanzibar ilikuwa na matangazo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo vituo kama ITV vikaanza. Mwaka huohuo Ngara yenyewe ikawa habari ya dunia. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya saa 24 tu, Wanyarwanda wanaokadiriwa kuwa kati ya 170,000 na 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia vita nchini mwao, na kambi ikazuka Benako, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Kamera za mashirika ya habari zikajaa. Picha za Ngara zikaonekana Ulaya na Marekani, ilhali wakazi wengi wa Ngara hawakuwa na kioo cha kuzitazamia.

Chombo kilichowafikia kilikuwa redio. Radio Kwizera ilianzishwa na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi mwaka 1995, na redio inaishi kwa betri. Video inadai zaidi. Bukoba na wilaya jirani za kaskazini zilipata umeme kutoka Uganda, lakini Ngara na Biharamulo zilibaki nje ya Gridi ya Taifa kwa miaka mingi, zikitegemea jenereta za dizeli. Baadaye mradi wa ORIO, uliofadhiliwa na Uholanzi, ulileta jenereta mpya Biharamulo, Ngara na Mpanda. Nje ya miji, aliyetaka kuonyesha mkanda alinunua mafuta kwanza.

Katika mazingira kama hayo, VCD, yaani sidii ya video, ilikuwa neema. Kiwango chake kilitolewa mwaka 1993, na kwa nchi zetu picha yake ni pikseli 352 kwa 288, ikibadilishwa mara 25 kwa sekunde. Sidii moja ilibeba takriban dakika 74, ndiyo sababu muvi za Kibongo zikauzwa kama sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Deki ya bei nafuu iliicheza bila taabu, jenereta ndogo iliiwasha pamoja na televisheni na sabufa, na kibanda umiza kikajaa.

Walioipa picha hiyo hafifu thamani yake ni watafsiri. Lufufu, aliyeanza kujulikana enzi za mikanda, aliingiza sauti yake juu ya filamu za Kihindi, za Kichina na za Hollywood, akieleza, akitania, akionya kabla adui hajatokea. Baada yake wakaja wengine, na Kenya ikampata DJ Afro. Ng'ambo ya Rusumo, Wanyarwanda wana filamu zao zilizotafsiriwa, agasobanuye, na kwa kuwa Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, mtazamaji wa Ngara hakuhitaji kutafsiriwa mara ya pili. Mtu anayefuata simulizi hahesabu nywele za mwigizaji. Nakala za watafsiri hao zilikuwa nyepesi, zimepita mkono hadi mkono, na bado zilipendwa. Hili linastahili kukumbukwa na kila anayedhani ubora wa video ni wingi wa pikseli peke yake.

Kompyuta zilipoanza kuchukua nafasi ya deki, mambo yakabadilika ghafla. Mwishoni mwa 2007 Asus ilitoa Eee PC, laptopu ndogo ya bei nafuu, na mwaka uliofuata Intel ikaleta prosesa ya Atom. Mashine hizo zilikula umeme kidogo na zilibebeka. Lakini wakati huohuo dunia ilihamia kwenye video ya HD. Picha moja ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, zaidi ya mara 20 ya picha ya VCD. Kwa picha 25 kila sekunde, ni karibu pikseli milioni 52 za kuchora kila sekunde.

Tena pikseli hizo huja zimebanwa. Kiwango cha H.264, kilichopitishwa 2003, hulinganisha picha na picha: ukuta ambao haujasogea hauandikwi upya, unaandikwa mkono uliosogea. Faili hupungua sana, lakini prosesa hulazimika kupiga hesabu nyingi kuirudisha picha kamili. Wengi hukosea hapo, wakidhani faili ndogo ni nyepesi kuchezwa. Atom ya kwanza, N270, ilikuwa na kiini kimoja cha gigahezi 1.6, na chipu ya picha iliyoambatana nayo haikuweza kuifungua H.264. Sauti iliendelea, picha ikaganda, kisha ikaruka mbele.

Fundi mzuri hakimbilii kulaumu mashine. Hufunga kila programu isiyohitajika, hasa kivinjari, na huihamisha faili kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya ndani, maana flashi nyingine husoma polepole. Kisha hufungua VLC, programu ya kuchezea video, huingia kwenye mipangilio ya kodeki, yaani njia za kubana na kufungua video, na kuiruhusu chipu ya picha isaidie kazi kama inaweza. Kama haiwezi, huiamuru programu iruke hatua ya kulainisha kingo za miraba inayounda picha. Uso wa mwigizaji huonekana na viraka vidogo, lakini muvi inatembea. Ikigoma kabisa, anaibadilisha kwa programu ya Format Factory au HandBrake hadi mistari 480. Kwenye laptopu dhaifu, kubadilisha filamu moja ndefu huweza kuchukua usiku mzima, na umeme ukikatika betri ikiwa imechoka, kazi inaanza upya.

VLC yenyewe ina historia inayofaa kujulikana. Ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris waliotaka kupitisha video kwenye mtandao wa chuo chao, na 2001 ikatolewa bure chini ya leseni huria. Hubeba kodeki zake ndani, kwa hiyo mtu akiinakili kwenye flashi hahitaji intaneti kutafuta nyongeza. Kwa wilaya iliyokaa miaka mingi bila intaneti ya maana, sifa hiyo ilizidi nyingine zote.

Intaneti nayo ilikuja kwa barabara ileile. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipitishwa hadi Rusumo na Kabanga kuziunganisha Rwanda na Burundi. Umeme ukafuata: njia ya kilovoti 220 kutoka Geita imefika Nyakanazi, na umeme wa bwawa la Rusumo la megawati 80 unagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Jenereta sasa ni ya dharura.

Hata hivyo muvi bado zinaganda. H.265, kiwango cha mwaka 2013, hubana zaidi ya H.264, na prosesa za Intel zilianza kuifungua kwa chipu maalumu kuanzia kizazi cha 2015. Laptopu za mtumba za kabla ya hapo hazina msaada huo. Ndiyo maana simu ya bei ya chini, yenye chipu yake ya video, huweza kucheza muvi inayoishinda laptopu kubwa mezani.

Biashara ya kujaza muvi kwenye flashi imewaumiza wasanii, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 pamoja na stempu za kodi zilizoletwa 2013 zililenga kuibana. Ujuzi wa fundi ni jambo jingine, nao unahitajika shuleni leo. Shule zilipofungwa mwaka 2020, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni, na tangu hapo masomo ya video yamezidi kuongezeka. Mwalimu wa Rulenge au Nyakahura mwenye laptopu ya miaka 12 hana haja ya HD ili wanafunzi wake waone jinsi moyo unavyosukuma damu. Wanaotengeneza masomo hayo, Taasisi ya Elimu Tanzania ikiwamo, watoe kila somo kwa nakala mbili: moja ya HD kwa wenye uwezo, nyingine ya MP4 ya H.264, mistari 480, inayopakuliwa na kuhifadhiwa kwenye flashi.